Ukitoka kupiga dawa, usiingie nayo ndani

Kazi yangu ni kupiga dawa shambani, na vijana ninaowafundisha bomba huniuliza kwanza habari za barakoa. Barakoa vaa, lakini sumu nyingi humwingia mpigaji dawa kupitia ngozi, na ngozi ya kinenani hunyonya kupita ya kiganja. Ndiyo maana bomba linalovuja mgongoni naliogopa kuliko harufu kali. Kabla ya kutia dawa, litie maji matupu, lipampu, kisha pitisha mkono chini ya tangi na pale mpira unapoungana na mkono wa kupulizia. Ukigusa unyevu, tengeneza kwanza. Nguo ikilowa dawa katikati ya kazi, simama, vua, oga, vaa nyingine. Utaambiwa itakauka. Maji ndiyo yatakauka. Sumu itabaki kwenye kitambaa ikikusubiri utoke jasho.

Halafu usidanganywe na rangi ya lebo. Nyekundu, njano, buluu na kijani hupangwa kwa sumu ya papo kwa papo, ile ya kukulaza leo. Hazisemi lolote kuhusu miaka ishirini ijayo. Glifosati, dawa ya kuua magugu, haimo kwenye kundi la nyekundu, lakini mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka kati ya vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Mamlaka ya mazingira ya Marekani haikukubali. Wao wabishane, mimi glavu sivui.

Na wanaume tusijifanye kwamba uzazi ni habari ya wanawake. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kimoja California, waliokuwa wakitengeneza DBCP, dawa ya minyoo ya udongoni, waliona wenyewe kwamba hawapati watoto. Walipopimwa, baadhi yao hawakuwa na mbegu hata moja.

Kwa mama, ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kuumbika katika wiki nne za kwanza, wengi wakiwa hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Kwa hiyo anayetafuta mimba asichanganye dawa, asifue nguo za dawa. Umoja wa Ulaya uliikataa klorpirifosi, dawa ya kuua wadudu, mwaka 2020, na hofu kubwa mojawapo ilikuwa akili za watoto.

Kazi ikiisha, osha glavu zikiwa bado mkononi, ndipo uvue buti na nguo, glavu ziwe za mwisho. Oga kwa sabuni, kucha na nywele pia, kabla hujambeba mtoto. Nguo za kazi hukaa kwenye mfuko wake, hufuliwa kwenye beseni lake, huanikwa juani. Zangu nazifua mwenyewe. Chupa tupu suuza mara tatu, maji yake yarudi kwenye bomba, kisha itoboe isije ikawekwa maziwa.

Mwisho, weka daftari: tarehe, shamba, na jina la sumu yenyewe, lile la maandishi madogo, si la biashara. Kama unatumia dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti au kabameti, mwombe daktari akupime kolinesterasi kwenye damu kabla ya msimu; ni kimeng'enya cha kuendesha mishipa ya fahamu, na dawa hizo hukizuia. Ukipimwa tena baadaye, atakuwa na cha kulinganisha, maana kiwango cha kawaida hutofautiana mtu na mtu.