Kung'oa buffelgrass kwenye milima ya Tucson

Ukitoka Afrika Mashariki, nyasi hizi utazifahamu mara moja: ni malisho ya kwetu, Cenchrus ciliaris. Arizona, jimbo la Marekani lenye mji huu wa Tucson, zililetwa karne iliyopita kwa ajili ya ng'ombe, nazo zikapanda milima. Hapa zinaleta moto, na saguaro, yale madungusi marefu ambamo vigong'ota hutoboa viota na bundi wadogo huhamia baadaye, hayakuzoea kuungua.

Kwanza hakikisha unachong'oa ni chenyewe. Pukuta mbegu za suke, kisha pitisha kidole kwenye kijiti kilichobaki. Kikikwaruza kama msasa, ndiyo hizo. Usifyeke, jamani! Shina likibaki litachipua tena. Chomeka mtaimbo pembeni mwa shina, liinue lote na mizizi yake, kung'uta udongo, halafu masuke yaingie kwenye mfuko kabla hayajapukutika njiani. Chungulia kabla ya kutia mkono, maana nyoka wa njuga wanapenda kivuli cha shina hilo.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saguaro usichimbe kivyako. Jiunge na wanaojitolea. Mvua za Julai hadi Septemba zikipita, rudi palepale, kwani mbegu za ardhini zitakuwa zimeota.

Nyumba mpya zinakaribia milima kila mwaka, zikiwabana wanyama. Tangu 2016 kuna daraja la wanyama juu ya barabara ya Oracle, kati ya milima ya Catalina na Tortolita. Mimi napenda kung'oa upande huo.