Jinsi ya Kutafuta Vigawo vya 4294967297 kwa Kalamu na Karatasi

Namba hii ni 2³² + 1. Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kuwa ni namba tasa kama 3, 5, 17, 257 na 65537 zinazoitangulia katika mfuatano wake, lakini mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641. Mwanafunzi niliyekuwa nikimsaidia aliniuliza 641 ilitoka wapi, na swali lake lilistahili jibu kamili.

Hatua ya 1. Punguza orodha. Ukitoa 1 katika kigawo tasa chochote cha namba hii, kinachobaki hugawanyika kwa 128. Euler alitumia 64, na mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas akaiboresha kanuni hiyo katika karne ya 19. Andika 129, 257, 385, 513, 641. Kati ya hizo, tasa ni 257 na 641 tu, na 257 huacha baki ya 2.

Hatua ya 2. Ijaribu 641. Weka kikokotoo kando: kile cha tarakimu 8 hakiwezi hata kuionyesha namba yetu, na hata kikubwa zaidi hukupa jibu bila sababu. Anza na ukweli kwamba 641 = 5 × 2⁷ + 1, yaani 5 × 2⁷ huacha baki ya −1 ikigawanywa kwa 641. Wengi huandika 640 badala ya −1. Si kosa, ila hesabu inakuwa nzito bila sababu, kwa hiyo ninasisitiza alama ya kutoa ibaki. Sasa pandisha kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ huacha baki ya 1. Angalia kwa makini hapa, kwa sababu vipeo 7 na 4 huzidishwa, havijumlishwi, na 5 nayo lazima ipandishwe. Ukiisahau, kila kinachofuata kitaharibika na hutaona kilipoharibikia. Kisha kumbuka kwamba 641 ni pia 5⁴ + 2⁴, yaani 625 + 16, hivyo 5⁴ ina baki ileile ya −2⁴. Badilisha moja kwa nyingine, jambo linaloruhusiwa katika kujumlisha, kutoa na kuzidisha, ilhali kugawanya kuna masharti yake. Unapata kwamba −2³² huacha baki ya 1, kwa hiyo 2³² + 1 haiachi baki yoyote.

Hatua ya 3. Gawanya. Jibu ni 6700417.

Hatua ya 4. Hakikisha kwamba 6700417 ni tasa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2589, na kanuni ya hatua ya 1 inakuachia namba nne tu za kujaribu: 641, 769, 1153 na 1409. Baki zake ni 44, 120, 334 na 622, kwa hiyo 641 × 6700417 haiwezi kuvunjwa zaidi.