Unakojoa mara nyingi? Pima mkojo wako kwa siku tatu kabla ya kumwona daktari

Mwanaume wa miaka 45 akisema "nakojoa sana", huenda ana maana moja kati ya mbili. Labda anakwenda chooni mara nyingi lakini unatoka kidogo kidogo, au kila akienda unatoka mwingi. Wa kwanza, kasoro hutafutwa kwenye kibofu, tezi dume au njia ya mkojo. Wa pili kibofu chake huenda hakina kosa lolote: figo ndizo zinazotoa mkojo mwingi, na chanzo ni sukari, vinywaji au dawa. Bila kupima, wote wawili huishia kupewa dawa ileile ya UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), na wiki mbili baadaye wanarudi na malalamiko yaleyale.

Nani asipoteze muda kupima

Mkojo ukigoma kutoka kabisa na tumbo la chini likajaa na kuuma, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Vilevile ukiwa na homa ya kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavuni, au miguu ikilegea ghafla na kuwa na ganzi katikati ya mapaja. Kiu isiyokatika pamoja na kukonda ni ya kupima sukari leo. Kukiwa na kutapika au kuhema, hiyo ni dharura. Damu kwenye mkojo, hata mara moja tu na bila maumivu, ionwe na daktari ndani ya siku chache. Isipoonekana tena usijidanganye kwamba imepona.

Hatua ya 1: Tengeneza kipimo

Jagi la plastiki lenye alama za mililita linatosha. Kama huna, kata shingo ya chupa ya maji ya lita moja na nusu. Chukua bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, mimina maji mara tano, chora mstari: hapo ni 100. Endelea hivyo hadi 600. Usiamini macho, chini ya chupa nyingi kuna mabonde, kwa hiyo mistari haitalingana nafasi.

Hatua ya 2: Chagua siku

Siku tatu za kawaida, si lazima zifuatane. Epuka siku za mfungo, safari na sherehe. Kunywa ulivyozoea. Wengi hupunguza maji wakianza kuandika ili daftari lipendeze, na hapo kipimo chote kinaharibika. Isitoshe, mkojo mzito huwasha kibofu na kukuongezea safari za chooni.

Hatua ya 3: Andika

Mkojo wa kwanza wa asubuhi ya siku ya kwanza mwaga, usiuhesabu. Kuanzia hapo andika kila unachokunywa na kila unachokojoa, hadi mkojo wa kwanza wa asubuhi inayofuata, ambao huu sasa unaingia. Ukurasa wa usiku huonekana hivi:

Saa 4:30 usiku, 190, nalala
Saa 7:15 usiku, 280, nimeamshwa na mkojo
Saa 10:05 usiku, 260, nimebanwa ghafla
Saa 12:20 asubuhi, 280, nimeamka

Andika pia sababu ya kwenda. "Nimebanwa" si sawa na "nilikuwa natoka nyumbani nikaona nipitie kabisa".

Hatua ya 4: Hesabu

Jumlisha saa 24. Zidisha uzito wako kwa 40: mtu wa kilo 70 anapata mililita 2,800. Jumla ikizidi hapo, mkojo wenyewe ni mwingi. Anza na sukari. Ukiwa na dalili, kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7.0 mmol/L ni kisukari. Kisha angalia chai, soda, na vidonge vya presha vinavyotoa maji mwilini. Vidonge hivyo usiviache mwenyewe. Muulize daktari kama unaweza kuvimeza asubuhi.

Sasa chukua mkojo wa usiku. Ule wa kabla ya kulala ni wa mchana. Wa kuamkia ni wa usiku. Katika mfano wetu ni 280 + 260 + 280, yaani 820. Kama jumla ya siku ni 1,850, usiku umebeba asilimia 44. Ikizidi theluthi moja, tazama miguu jioni: soksi zikiacha alama ya kuvimba, maji hayo hurudi kwenye damu ukilala na figo huyatoa. Kukoroma kwa kukatika pumzi nako huleta mkojo wa usiku.

Jumla ikiwa ya kawaida lakini kila safari ni 100 au 150, angalia mkondo. Unachelewa kuanza, umekuwa mwembamba, unakatika, unadondoka ukishafunga suruali? Tezi dume hukua kuanzia miaka ya 40, na mkojo hupita katikati yake. Ukubwa si hoja: tezi ndogo inaweza kubana kuliko kubwa. Kovu la kisonono cha zamani au la mpira wa mkojo hutoa dalili hizohizo.

Hatua ya 5: Hospitalini

Nenda na daftari. Tarajia kipimo cha mkojo, sukari, kreatinini (huonyesha kazi ya figo), na tezi kupimwa kwa kidole, kazi ya dakika moja. Ukifanyiwa ultrasaundi, omba kibofu kipimwe kikiwa kimejaa na tena baada ya kukojoa. Mabaki yakizidi mililita 300 hayafai kuachwa bila ufuatiliaji.

Kama uliogelea mitoni au mabwawani Pwani, Unguja, Pemba au Kanda ya Ziwa, taja kichocho, hasa damu ikija mwishoni mwa mkojo. Sampuli itolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapotoka kwa wingi, na matone ya mwisho yasiachwe.

Kwa kipimo cha damu cha PSA (protini ya tezi dume, hutumika kutafuta saratani), usimwage manii wala kuendesha baiskeli saa 48 kabla. Ukitoka kutibiwa UTI subiri wiki sita, maana maambukizi hupandisha namba na utaogopeshwa saratani usiyo nayo.

Wakati unasubiri majibu, jihadhari na dawa za mafua za kufungua pua na zile za mzio zinazoleta usingizi. Tezi ikiwa imeshabana, vidonge viwili vya mafua vinaweza kuziba mkojo usiku huohuo.