Kambi ya jeshi ikifungwa, kaunti ianzie wapi?

Mimi ni mpangaji wa matumizi ya ardhi hapa Nakuru. Kambi za Lanet na Gilgil bado zina wanajeshi wake, lakini afisa wa kaunti yoyote anaweza kuamka akaambiwa kambi fulani inafungwa. Wengi hukimbilia kuchora: hapa soko, pale nyumba, kule uwanja. Tafadhali, kalamu ingoje.

1. Ardhi ni ya nani? Kwa Kifungu cha 62 cha Katiba, ardhi inayotumiwa na asasi ya kitaifa inashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya Wakenya, na msimamizi wake ni Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Wanajeshi wakihama, haigeuki kuwa ya kaunti. Andikeni barua mapema, mkiomba hati na ramani ya upimaji.

2. Ikanyageni. Hapa msiharakishe. Tafuteni fundi bomba, mpishi au dereva aliyestaafu kambini, mtembee naye. Yeye ndiye anayejua oili chafu ilimwagwa wapi. Katika gereji moja ya zamani nilichimba kwa jembe kina cha kiganja tu, chini ya nyasi nzuri za kijani, udongo ukatoka mweusi, unanuka dizeli. Picha ya angani isingenionyesha hilo. Angalieni matangi yaliyozikwa, paa za asbesto, rangi kuukuu yenye madini ya risasi, na mahali povu la kuzimia moto lilikuwa likimwagwa. Pelekeni udongo na maji ya kisima maabara, na muwahusishe NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, tangu mwanzo.

Uwanja wa shabaha asiuingie mtu kabla wahandisi wa jeshi hawajausafisha na kuthibitisha kwa maandishi. Kule Archers Post na Dol Dol, wafugaji waliuawa na kulemazwa na mabomu yaliyobaki baada ya mazoezi ya kijeshi, yakiwemo ya jeshi la Uingereza. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa fidia ya takriban pauni milioni 4.5. Viungo havikurudi.

3. Gawanyeni eneo. Palipo safi, panapohitaji kusafishwa, na pasipoguswa. Fort Ord, kambi ya jeshi la Marekani huko California, ilifungwa mwaka 1994, na mwaka uliofuata chuo kikuu kikaanza kufundisha katika majengo yake, huku kazi ya kuondoa mabomu kwingineko ikiendelea kwa miaka mingi.

4. Hesabuni watu wa getini. Mama wa chapati, vijana wa bodaboda, wenye nyumba za kupangisha. Fanyeni hivyo kabla malori hayajaondoka, maana baadaye hamtawapata. Kwenye baraza, tandikeni ramani chini na muwape mawe madogo: kila mmoja aweke lake anapotaka zahanati, maji au vibanda. Hata wasiozoea kusema mbele ya chifu huweka jiwe.

5. Karatasi. Mpango wa eneo ufuate Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, na mradi uingizwe katika Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti. Usipokuwemo, bajeti hautaiona.

6. Usiku wa kwanza. Siku ya makabidhiano, walinzi wa kaunti wawe getini kabla mwanajeshi wa mwisho hajatoka. Nyaya za shaba hung'olewa kwanza, kisha mabati, kisha milango. Na pampu ya kisima iwe na mtu anayeiwasha kila siku, na mafuta yake yawe yamelipiwa.