Kuotesha maua chini ya mwembe bila kupigana na mizizi

Mwembe wa uani ukishakomaa, jembe halina kazi tena chini yake. Mizizi mingi inayofyonza maji imo kwenye sentimita 30 hivi za juu, palepale unapotaka kupanda. Kwa bustani za Dar na Tanga mimi hufanya hivi.

1. Ngoja masika yaanze. Udongo ukilainika, miche hupata wiki kadhaa za kushika kabla mwembe haujaanza kuinyang'anya maji.

2. Tafuta nafasi kwa bisibisi kuukuu. Choma udongo huku na huku: ikigonga mzizi, sogea kidogo, ikizama, weka kijiwe. Maua yatakaa penye vijiwe. Anayetaka mistari iliyonyooka apande kwingine.

3. Chimba kwa kisu au sepeto ndogo, shimo la kuingia kopo la maziwa, basi. Mizizi myembamba kama uzi ikate tu, lakini wenye unene wa kidole gumba uache, hata kama umekaa pabaya. Karibu na shina, kama mita moja kuzunguka, usichimbe kabisa.

4. Nunua miche midogo, ya viriba vidogo. Kitaluni watakusifia mikubwa iliyokwisha kuchanua, lakini hiyo inadai shimo usilokuwa nalo. Kwa majani, chagua masale, sansevieria au zebrina ya mistari ya zambarau. Kwa maua, impatiensi haina mpinzani kivulini, na asili yake ni huku huku Afrika Mashariki. Skadoksasi nayo, ile inayotoa tufe jekundu mvua zinapoanza, huota kutoka kwenye kitunguu kinachotoshea katikati ya mizizi miwili. Ina sumu, basi mbuzi na watoto wasiifikie.

5. Jaza shimo kwa mboji iliyoiva na udongo, nusu kwa nusu. Usimwage toroli zima la udongo mweusi juu ya mizizi ili upate kitanda kipya. Mizizi hukosa hewa, gome lililofukiwa huanza kuoza, na ile iliyobaki hai hupanda kwenye udongo wako mpya. Hapo umeulisha mwembe.

6. Mwagilia taratibu, shimo kwa shimo, asubuhi. Mvua ikikata, mara tatu kwa wiki hadi miche itoe majani mapya. Matandazo yapo tayari: majani makavu ya mwembe, yavunjevunje kwanza, maana yakiwa mazima hulaliana na kuzuia maji.

Penye mizizi isiyo na upenyo hata wa kisu, weka vyungu juu ya vipande vya vigae. Kila baada ya miezi michache viinue. Ukikuta mzizi umeingia kwenye tundu la chini, ukate kabla haujajaa ndani.

Chini ya mkaratusi, mimi huanza moja kwa moja na vyungu.