Jinsi ya kuwajengea vichimbakazi wa msituni nyumba bila kuumiza mti

Kabla hamjaokota hata kijiti kimoja, waambie watoto hawa vichimbakazi, viumbe wa hadithi wanaolinda miti, ni akina nani, maana sheria zote zinatokea hapo. Kwenye hadithi za Wagiriki wa kale kuna roho wa miti waitwao hamadriadi, kila mmoja ana mti wake, anaishi nao na mti ukifa na yeye anakufa. Wajapani wana kodama, roho wanaokaa kwenye miti mikongwe, na mti uliofungwa kamba nene ya shimenawa watu wanajua ni mtakatifu. Denmark kuna Hyldemor, mama anayelinda mti wa elda, zamani mtu akitaka tawi lake anaomba ruhusa kwanza. Mtoto akishaelewa kwamba kichimbakazi ni mlinzi wa mti wala hutahangaika kumkataza kuchuma majani, atakukataza wewe.

Haya, mahali. Tafuteni mti mkubwa wenye mizizi iliyotokeza juu, pale katikati ya mizizi miwili tayari mna kuta mbili za bure. Msichimbe, jamani, mizizi mingi myembamba inayonyonya maji iko juu juu tu ndo mnayoikata bila kujua. Na msirundike udongo kwenye shina, gome likikaa na unyevu muda mrefu linaoza.

Vifaa ni vilivyodondoka vyenyewe tu. Vijiti vikavu, vipande vya gome vilivyo chini, maganda ya mbegu, manyoya, kokoto, magamba matupu ya konokono (chungulia ndani kwanza, asije akawa mwenyewe yumo). Lile zulia laini la kijani linaloota kwenye mawe na magogo liacheni, najua linapendeza sana kama kitanda cha kichimbakazi lakini linaota taratibu mno na wadudu kibao wanaishi humo. Gome lililoko mtini ndo kabisa usiguse, chini yake inapita sukari kutoka kwenye majani kwenda kwenye mizizi, likibanduliwa kuzunguka shina lote mti unakufa.

Kujenga sasa. Egemeza vijiti virefu viwili au vitatu kwenye shina, pitisha vifupi kwa kulala, af paa anza kupanga vipande vya gome kutokea chini kwenda juu, kila kipande kifunike kidogo cha chini yake ili mvua iteleze. Kufunga tumia nyasi kavu. Gundi, misumari, waya hapana, na glita (zile chembe za kumetameta) naikataa kabisa kwa sababu nyingi ni plastiki, mvua inaisomba mpaka mtoni. Pipi na biskuti za kumwachia mgeni pia hapana, watakula wanyama.

Kwangu mimi sehemu tamu kuliko zote ni kumuuliza mtoto: huyu wa kwako anaulinda mti na nini? Moto, msumeno, ukame? Majirani zake ni nani, ndege gani, mdudu gani? Mpe muda azunguke aangalie mwenyewe, asikisie.

Kama msitu ni wa hifadhi ulizeni walinzi kwanza, kuna sehemu hairuhusiwi kuhamisha hata jani.

Mkirudi siku nyingine mkakuta imebomoka okoteni vijiti vingine muanze upya, ila kama kuna mdudu keshahamia iacheni hivyo hivyo mkajenge mti wa pili.