Ombi lako lipande juu

Kabla ya kutuma barua pepe ya kazini, tafuta sentensi yenye ombi lako. Mara nyingi imejificha mwishoni, chini ya maelezo marefu. Ipandishe juu, mara tu baada ya salamu, na utaje siku: "Naomba unitumie ripoti ya mauzo kabla ya Alhamisi saa sita mchana, ili niiwasilishe kikaoni." Hapo kuna adabu, sababu na muda. "Nakukumbusha tena kwamba hujanijibu" inachoma, afadhali "Je, umepata nafasi ya kuipitia ripoti?" Kisha isome barua yako kwa sauti. Sentensi inayokukata pumzi, igawe. Na anwani ya mpokeaji ijaze mwisho kabisa, barua isije ikaondoka hujaimaliza.